Jinsi ya Kupaka Rangi na Kuchakaza Sanamu Ndogo ya Zimwi wa Mchezo wa Vita

Mazimwi wa michezo ya vita ya mezani huharibika kwa namna mbili. Wapo wanaotoka mikononi mwa mpakaji wakiwa wasafi mno, ngozi ya rangi moja na rungu lisilo na mkwaruzo, kana kwamba wamezaliwa asubuhi hiyo. Na wapo waliofunikwa kutu, damu na matope kila mahali hata jicho halijui litue wapi. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kupaka bila kujiuliza alama hii imetoka wapi. Kutu huanza pale maji yanapotuama, matope hupanda kutoka miguuni, chuma hung'aa pale kinaposuguliwa mara kwa mara, na michirizi hushuka. Ukiweza kueleza sababu ya kila doa unaloliweka, zimwi wako ataaminika hata kama mkono wako bado haujakomaa.

Sanamu ninayoizungumzia ni ya zimwi mwenye tumbo kubwa na chonge zilizotokeza nje ya mdomo, ambaye askari wa kawaida wa milimita 28 humfikia kiunoni. Ana bamba la deraya begani, mnyororo kiunoni, na rungu la mti lililopigiliwa vipande vya chuma. Mwenye sanamu ya joka au jitu la mawe ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi ni ileile.

Kabla ya kufungua rangi

Chukua karatasi uandike mahali zimwi anapoishi, anapolala, na mkono anaoutumia zaidi. Wangu anaishi kwenye kinamasi, hulalia ubavu wa kulia, na hupiga kwa mkono wa kulia. Maneno hayo machache yanaamua kazi nzima: matope meusi mpaka magotini, mwani kwenye rungu, ubavu wa kulia uliopauka kwa tope kavu, na sugu kwenye kiganja cha kulia kuliko cha kushoto. Bila maandishi hayo, mpakaji hujikuta anaongeza kutu kwa sababu tu rangi ya kutu imebaki kibaoni.

Hatua ya 1: Kusafisha na kuunga

Sanamu za resini hutoka kwenye kalibu zikiwa na mafuta yanayozuia rangi kushika, kwa hiyo zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, uzisugue kwa mswaki laini, kisha uziache zikauke kabisa. Za plastiki huhitaji hili kwa nadra, lakini kuosha hakujamdhuru mtu. Mkono wa resini uliopinda huchovywa katika maji ya moto mpaka ulainike, ukanyooshwa, halafu ukatiwa katika maji baridi ili ubaki hivyo.

Pande mbili za kalibu zinapokutana huacha mstari mwembamba unaozunguka sanamu. Uondoe wote kwa kukwangua na mgongo wa kisu, si makali yake, kisha lainisha kwa msasa mwembamba. Mstari huo huwa hauonekani kwenye plastiki tupu, ila rangi ya majimaji, ile nyepesi inayotiririka na kutuama kwenye mikunjo, ikishapita juu yake hujitokeza kama kovu katikati ya paja, na hapo umeshachelewa. Unaposugua resini, loweka msasa na uvae barakoa, kwa maana vumbi lake halifai kuvutwa kifuani.

Plastiki huungwa kwa gundi ya plastiki, ambayo huyeyusha nyuso mbili zikashikana na kuwa kitu kimoja; resini na metali huungwa kwa supaglu. Mkono mzito unaoshika rungu hautadumu kwa gundi peke yake. Toboa pande zote mbili kwa kekee ndogo ya milimita 1, upitishe kipande cha waya, ndipo uunge. Nyufa zijaze kwa lipu ya mchanganyiko wa sehemu mbili na uilainishe kwa kidole kilicholoweshwa kabla haijakaza.

Usiunge kila kitu. Rungu linalopita mbele ya kifua litakuzuia kufika tumboni, hivyo liache pembeni, ulichomeke kwenye kijiti na kulipaka peke yake.

Hatua ya 2: Rangi ya chini

Rangi ya chini, au praima kama mafundi wanavyoiita, ndiyo inayoifanya rangi ya juu ishike. Tikisa kopo kwa dakika mbili kamili, lishike umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza nje ya sanamu, pita juu yake haraka, umalizie nje upande wa pili. Mapito mengi mepesi ni bora kuliko moja zito linalozika mikunjo ya ngozi. Siku yenye unyevunyevu mwingi hewani au joto kali, acha. Kwenye joto kali rangi hukauka ikiwa bado angani na kutua kama mchanga.

Kwa zimwi napendekeza rangi tatu za chini. Puliza nyeusi kila upande, kisha kijivu kutoka juu kwa mshazari wa nyuzi 45, na mwisho nyeupe kidogo kutoka utosini moja kwa moja. Sasa igeuze sanamu taratibu mbele ya taa: mwanga na kivuli vimeshachorwa kabla hujagusa brashi, na unaona wazi jinsi tumbo linavyotia kivuli mapajani na jinsi paji la uso linavyoyaficha macho. Ipige picha wakati huo, kwa sababu utaihitaji baadaye utakapokuwa umesahau mwanga unatoka wapi.

Hatua ya 3: Ngozi

Ngozi ndiyo zimwi mwenyewe, kwa hiyo ipe muda kuliko kitu kingine chochote. Tumia rangi za akriliki zilizoongezwa maji mpaka ziwe na uzito kama wa maziwa. Ukipitisha kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba na ikatandaa sawasawa bila kuacha mifereji ya brashi wala kukimbilia pembeni, imefika. Paka matabaka mawili membamba, la pili baada ya la kwanza kukauka, na usitumie brashi ndogo kuliko zote ukidhani ndiyo yenye usahihi. Brashi namba 1 au 2 yenye ncha nzuri hubeba rangi ya kutosha kumaliza mstari bila kukauka njiani. Rangi isifike kwenye chuma kinachoshika nywele za brashi, kwani ikigandia humo nywele hutanuka na ncha hupotea.

Anza na kijani chenye kijivu ndani yake. Wanyama wengi huwa na mgongo mweusi kuliko tumbo, na jicho limeshazoea jambo hilo, hivyo ongeza kahawia iliyokolea mgongoni na mabegani, na krimu kidogo tumboni, kooni na upande wa ndani wa mapaja. Ikishakauka, pitisha rangi ya majimaji ya kijani cheusi au kahawia juu ya ngozi yote ili iingie kwenye mikunjo. Inapotuama na kufanya kidimbwi, inyonye kwa brashi safi yenye unyevu. Ikianza kukauka usiiguse tena, hata kama umeona kosa, kwa maana ukiigusa wakati huo itaacha pete kama alama ya maji kwenye ukuta. Ipe nusu saa.

Baada ya hapo rudisha rangi ya kwanza kwenye sehemu zilizoinuka, yaani misuli, vifundo vya vidole, mashavu na kitovu, kisha ichanganye na krimu kidogo na upake eneo dogo zaidi, na tena dogo zaidi. Mahali penye makunyanzi na chunjua nyingi, brashi kavu hufanya kazi upesi: chovya brashi nzee, ifute kwenye kitambaa mpaka idhaniwe haina kitu, ndipo uipitishe kwa wepesi juu ya miinuko. Brashi nzuri isifanye kazi hiyo, itakufa.

Kinachofuata wengi hukiruka, nami nakihesabu kuwa moyo wa kazi yote. Ngozi ya kiumbe hai haina rangi moja. Chukua rangi ya damu ya mzee au zambarau, sehemu moja kwa sehemu tano au sita za maji, chovya brashi, iguse kwenye karatasi ya tishu itoe maji ya ziada, kisha ivute juu ya ngozi. Brashi huacha rangi nyingi zaidi pale mvuto unapoishia, kwa hiyo anzia mahali unapotaka ififie na uishie unapotaka ikolee. Kwa njia hiyo tia wekundu puani, masikioni, viwikoni, magotini na kuzunguka vifundo vya vidole, ambako damu iko karibu na ngozi. Tia samawati hafifu chini ya macho, na manjano ya nyongo kwenye sugu za viganja na nyayo. Pito moja halionekani, la tatu huonekana, na la sita huwa limezidi. Kila pito likauke kabla ya linalofuata.

Hatua ya 4: Kinywa na macho

Mtazamaji huanza usoni, kwa hiyo hapa usiharakishe. Paka ndani ya kinywa rangi ya damu ya mzee iliyochanganywa na nyeusi. Ulimi upate waridi chafu, ukolee kuelekea kooni. Fizi ziwe za waridi yenye zambarau, zikizunguka kila jino kama ukosi.

Sasa chonge. Zipake kahawia kuanzia kwenye ufizi, halafu vuta mistari myembamba ya rangi ya pembe kutoka katikati kwenda nchani, mistari isiyolingana urefu, na kila tabaka liwe jeupe na fupi kuliko lililotangulia. Ncha yenyewe ipate nukta moja ya krimu karibu nyeupe. Usizibe kahawia ya chini yote. Iliyobaki karibu na ufizi inasomeka kuwa ukoga wa miaka, na huo ukoga ndio unaomwambia mtazamaji kwamba meno haya yanatumika. Jino moja likiwa limevunjika, sehemu iliyovunjika iwe nyeupe zaidi kama imevunjika karibuni, au ya kahawia kama ni jambo la zamani. Makucha yapakwe vivyo hivyo, ila kwa rangi nyeusi zaidi.

Macho yapake nyeusi kwanza, kisha manjano ndani yake ukiacha ukingo mwembamba wa weusi, na mboni iwe mstari au nukta ndogo inayogusa kope ya juu. Mboni inayoelea katikati ya jicho humfanya zimwi aonekane ameshtuka.

Hatua ya 5: Mti na chuma

Mti mkavu wa zamani hauwi kahawia ya chokoleti, bali huelekea kijivu. Pakaa kahawia yenye kijivu, vuta mistari ya krimu kufuata nyuzi za mti, kisha rangi ya majimaji nyeusi. Kamba, manyoya na mikanda ya ngozi vyote huenda vizuri kwa rangi ya msingi, rangi ya majimaji na brashi kavu.

Chuma cha zimwi kipake rangi ya chuma iliyokolea juu ya nyeusi. Usiking'arishe sasa.

Hatua ya 6: Kuchakaza

Kabla ya yote, funika sanamu kwa vanishi ya kung'aa na uiache ikauke siku nzima. Vanishi hii hulinda rangi ya akriliki na huwezesha uchafu wa mafuta kuteleza na kufutika. Pia hulinda viungo, kwani vimiminika vya kuyeyushia rangi ya mafuta vikipenya kwenye plastiki tupu iliyobanwa vinaweza kuipasua.

Mikwaruzo ndiyo hutangulia. Rarua kipande kidogo cha sponji, kichovye kwenye kahawia nyeusi, kigonge kwenye karatasi mpaka kibaki na rangi kidogo sana, kisha kigonge kwenye kingo za bamba la begani na pembe za vipande vya chuma. Usigonge katikati ya bamba isipokuwa kuna sababu, kama vile mnyororo unaoparuza hapo zimwi anapotembea. Ndani ya alama kubwa tia nukta ya rangi ya fedha, ukiacha ukingo wa kahawia. Nukta hiyo ni chuma kilichofichuliwa leo, na ukingo ni kile kilichofichuliwa mwezi uliopita.

Kutu huwekwa kwa tabaka tatu, na mpangilio wake una maana. Kutu ya zamani ni kahawia nyeusi, nayo hukaa pana na chini kabisa. Ya kati ni kahawia yenye wekundu, ndogo kuliko ya kwanza. Mpya ni rangi ya machungwa, nayo iwe nukta chache tu kwenye pembe za ndani, kuzunguka ribiti na kwenye pete za mnyororo zinapokutana, yaani pale maji ya mvua yanapokawia kukauka. Kosa nililolifanya kwa muda mrefu ni kupenda ile rangi ya machungwa kupita kiasi, kwa sababu ndiyo inayovutia jicho. Niliipaka bamba zima, na bamba likaonekana kama limepakwa rangi ya machungwa, si kama limekula kutu. Kama deraya ina kitu cha shaba, hicho hakili kutu nyekundu. Chenyewe hupata kijani cha feruzi, hivyo dondosha rangi ya feruzi yenye maji mengi kwenye mifereji na uifute juu ya miinuko.

Baada ya kutu, rudi na fedha safi kwenye sehemu zinazosuguliwa kila siku, yaani ncha za miiba ya rungu na makali. Chuma kinachopiga mifupa na ngao hakipati nafasi ya kuota kutu, na mng'ao huo mdogo kando ya kahawia ndio unaolifanya rungu lionekane zito.

Michirizi na uchafu wa ngozi hufanywa kwa rangi ya mafuta ya wachoraji. Kamua kidogo ya kahawia iliyokolea juu ya kipande cha kadibodi na uiache kwa saa moja ili kadibodi inyonye mafuta, kwani mafuta mengi huiacha ikiwa na mng'ao na huchelewa kukauka. Fungua madirisha, kwa kuwa mvuke wa spiriti nyeupe, kimiminika cha kuyeyushia rangi ya mafuta, si salama kwenye chumba kilichofungwa. Weka nukta ndogo chini ya ribiti, subiri dakika chache, kisha chukua brashi iliyoguswa kwenye spiriti na kufutwa, uivute nukta kuelekea chini mara moja au mbili. Nukta hubadilika kuwa mchirizi unaofifia. Fanya hivyo pia chini ya mikunjo ya tumbo, ambako jasho na uchafu hukusanyika, na kutoka pembe za mdomo kwenda kidevuni. Kinachozidi, kifute kwa kijiti cha pamba. Rangi ya mafuta hukupa saa nzima ya kubadili mawazo, na kwa sababu hiyo mtu anayeanza asiiogope.

Iache siku mbili au zaidi, upulize vanishi isiyong'aa, ndipo uje kwenye matope. Changanya unga wa rangi ya kahawia nyeusi, mchanga laini sana na gundi nyeupe iliyoongezwa maji mpaka upate rojo. Lipake miguuni kwa brashi mbovu, zito kwenye nyayo na kati ya vidole, likipungua kuelekea magotini. Kisha chovya brashi ngumu kwenye rojo jepesi zaidi, uizuie kwa kijiti cha kuchokolea meno na uiachie ili irushe matone kwenye paja na upindo wa vazi. Jaribu kwanza kwenye karatasi, kwani tone likishatua usoni halirudi. Tope bichi ni jeusi na kavu ni jeupe kidogo, kwa hiyo ukingo wa juu wa tope upanguse kwa unga wa rangi ya mchanga, na ule ubavu anaolalia uupake unga huo huo kwa wepesi, ukiusugulia kwenye mikunjo kwa kidole.

Damu iwe kidogo. Changanya nyekundu na kahawia, na nyeusi kidogo, maana damu ikikauka huwa ya kahawia. Iweke kwenye miiba ya rungu na labda vidoleni. Zimwi aliyeoga damu hupoteza kazi yote ya ngozi uliyoitolea jasho.

Hatua ya 7: Kitako

Kitako, yaani kipande ambacho sanamu inasimama juu yake, kiseme maneno yaleyale ya kwenye karatasi yako. Bandika gome la mti au vipande vya mwamba, jaza mchanga kwa gundi nyeupe, upake kahawia nyeusi, upitishe brashi kavu. La muhimu kuliko yote ni kwamba tope la kitakoni na tope la miguuni vitoke kwenye kikombe kimoja. Zimwi mwenye tope jekundu aliyesimama kwenye kinamasi cheusi huonekana amebandikwa tu.

Hatua ya 8: Vanishi ya mwisho

Sanamu ya mchezo itashikwa na vidole vingi, kwa hiyo lazima ilindwe. Unga wa rangi hupungua nguvu vanishi inapougusa, basi uweke mwingi kidogo kuliko unavyotaka, kisha puliza vanishi isiyong'aa kwa mapito mepesi. Niliwahi kupuliza jioni moja yenye unyevu mwingi hewani, baada ya wiki tatu za kazi, na zimwi akatoka na utando mweupe kama ukungu kutoka kichwani hadi miguuni. Nilimwokoa kwa kumpaka vanishi ya kung'aa kwa brashi, ambayo ilirudisha uangavu wa rangi, kisha nikapuliza tena isiyong'aa siku kavu. Dawa hiyo haiponyi kila mara. Pima kwanza kwenye kipande cha plastiki kisicho na thamani, siku ileile na mahali palepale.

Vanishi isiyong'aa ikishakauka, chukua ile ya kung'aa kwa brashi ndogo na uiguse machoni, kwenye ulimi, kwenye fizi, ndani ya tundu za pua na juu ya tope bichi la nyayo. Kama kinywa kiko wazi, weka tone la gundi angavu isiyo ya supaglu kwenye chonge ya juu, liguse kwa kijiti, ulivute polepole hadi chonge ya chini na usubiri likaze. Udenda utaning'inia kati ya meno, mwembamba kama uzi wa buibui. Ukikatika, uondoe kwa kibanio na uvute mwingine.